Mvinyo wa mapovu unatengenezwaje, na jinsi ya kuchagua chupa nzuri bila kubahatisha

Shika chupa mbili, zote nzito, zote zimevikwa karatasi inayong'aa shingoni, moja imeandikwa Brut na nyingine Extra Dry. Wewe utamu hutaki, unataka kitu kikavu, na unajua kabisa kwamba dry ni kavu na extra ni kuzidi, basi unabeba ile ya Extra Dry unaondoka zako. Hapo umeshaingia mkenge, maana ndo yenye sukari zaidi kati ya zile mbili. Nimeona watu wengi sana wakibeba chupa isiyo yao kwa sababu ya maneno mawili tu, wakifika wanaonja, wanasema aah mimi hivi vinywaji vya mapovu sivipendi, kumbe ule ambao wangeupenda hawajauonja hata siku moja. Inaniuma kweli.

Sasa dawa yake siyo kukariri majina ya kifahari, dawa ni kujua huu mvinyo unatengenezwaje. Ukishajua, lebo inaanza kusomeka yenyewe. Na kitu kimoja nataka ukikamate mapema kabla hatujaenda mbali: unacholipia kwenye chupa ya mapovu, zaidi ya zabibu na zaidi ya jina, ni muda. Chupa imelala muda gani, na imelala na nini ndani yake. Mengine yote yanazunguka hapo hapo.

Tuanze shambani. Zabibu za kazi hii zinavunwa mapema kidogo kuliko za mvinyo wa kawaida, sukari ikiwa haijapanda sana na uchachu wake ukiwa bado uko juu, kwa sababu ule uchachu ndo uti wa mgongo, bila huo mapovu yanakuwa kama soda iliyopoa. Ndo maana sehemu zinazosifika ni za baridi baridi, kama Champagne kule kaskazini mashariki mwa Ufaransa, na siku hizi kusini mwa Uingereza, Sussex na Kent, ambako kuna udongo wa chaki unaofanana na wa Champagne. Zabibu kuu za Champagne ni tatu, Chardonnay ambayo ni nyeupe, halafu Pinot Noir na Meunier ambazo ni nyeusi. Utauliza nyeusi inatoaje mvinyo mweupe, menya zabibu nyeusi uone, nyama ya ndani haina rangi kabisa, rangi yote iko kwenye ganda. Kwa hiyo siri ni kukamua kwa upole na haraka kabla ganda halijaachia rangi. Pale Champagne sheria inataka zivunwe kwa mkono, vichala vizima, na kwenye kilo 4,000 za zabibu unaruhusiwa kukamua lita 2,050 za kwanza ambazo ndo bora, kisha lita 500 za pili ambazo ni nzito kidogo, basi, inayobaki haingii kwenye shampeni.

Juisi inachachuka kama mvinyo mwingine wowote, chachu inakula sukari inatoa alkoholi na gesi, gesi inaenda zake hewani, unabaki na mvinyo mweupe mkavu wenye alkoholi kama asilimia 10 au 11. Ukiuonja huo utakunja uso, ni mkali kama ndimu na mwembamba, hauna raha. Lakini hapo ndipo fundi anapofanya kazi ngumu kuliko zote, anakaa mbele ya glasi kadhaa za mvinyo wa namna hiyo, wa mashamba tofauti, wa zabibu tofauti, na mwingine wa miaka iliyopita uliowekwa akiba, anaonja mmoja mmoja akifikiria utakuwaje baada ya miaka miwili mitatu, halafu anachanganya. Nyumba kubwa za Champagne, yaani kampuni zinazotengeneza mvinyo, zinataka chupa ya mwaka huu ifanane na ya mwaka jana na ya mwaka juzi, na mvua haikunyesha sawa hiyo miaka yote, kwa hiyo kuchanganya ndo kunaokoa.

Baada ya hapo mvinyo unatiwa chupani, na hapa sikiliza vizuri maana ndo roho ya jambo lenyewe. Kwenye kila lita wanaongeza sukari kama gramu 24 na chachu kidogo, chupa inafungwa kwa kizibo cha chuma kama cha soda, inalazwa chini kwenye handaki lenye baridi ya nyuzi 10 hadi 12 hivi. Chachu inaanza tena kula ile sukari, taratibu, wiki sita hadi nane, inatoa gesi, ila safari hii gesi haina pa kutokea. Inabanwa mpaka inayeyuka ndani ya mvinyo wenyewe. Kila gramu 4 za sukari zinaleta takriban atmosfia 1 ya presha, kwa hiyo gramu 24 unapata kama 6, hiyo ni zaidi ya mara mbili ya upepo wa tairi la gari dogo. Ndo maana chupa yake ni nene na ina lile shimo kubwa chini, chupa tupu ya shampeni ina uzito wa gramu 835 hivi, siyo mbwembwe, ikiwa nyepesi itapasuka.

Chachu ikimaliza sukari inakufa, inaanguka ubavuni mwa chupa inakuwa mashapo meupe kama unga. Mtu asiyejua angesema ondoa haraka huo uchafu. Hapana, unauacha. Zile chembe zilizokufa zinaanza kumeng'enyeka zenyewe kidogo kidogo na kuachia vitu vyake kwenye mvinyo, na hapo ndo inapozaliwa ile harufu ya mkate uliotoka kuokwa, ya siagi, ya karanga zilizokaangwa, na ndo inayofanya povu liwe laini mdomoni kama krimu badala ya kuchoma ulimi. Hili halina njia ya mkato, ni kusubiri tu. Champagne ya kawaida isiyo na mwaka wa mavuno kwenye lebo lazima ikae chupani angalau miezi 15 kabla ya kuuzwa na 12 kati ya hiyo ikiwa juu ya mashapo, ile yenye mwaka miaka 3, na wenye nyumba nzuri wanapitiliza hata hapo. Ukitaka kuelewa ninachosema siku moja weka glasi mbili mbele yako, moja ya mvinyo uliolala miezi 9 na nyingine uliolala miaka 4, nusa tu bila kunywa, ya kwanza itakupa tufaa na limau, ya pili utadhani kuna mtu anaoka mkate chumba cha pili.

Sasa mashapo yanatolewaje bila kupoteza gesi? Hili liliwasumbua watu miaka mingi. Barbe-Nicole Clicquot, mjane aliyeachiwa biashara ya mvinyo mwaka 1805 akiwa na miaka 27 tu, ndo anayesifiwa na nyumba yake kwa kuleta meza yenye matundu mwaka 1816. Chupa zinachomekwa kichwa chini kwa mshazari, kila siku mtu anapita anaizungusha kila chupa kidogo na kuiinamisha kidogo, wiki kadhaa, mpaka mashapo yote yanateremka yanatulia shingoni. Siku hizi kazi hiyo kwa wingi inafanywa na mashine kubwa za chuma zinazobeba chupa kama 500 kwa pamoja na kumaliza ndani ya wiki moja hivi, na sioni ubaya wowote, mvinyo ni ule ule.

Kisha shingo inatumbukizwa kwenye maji ya chumvi yenye baridi ya nyuzi 25 hivi chini ya sifuri, mashapo yanaganda yanakuwa kipande cha barafu, chupa inasimamishwa, kizibo cha chuma kinafunguliwa, presha inakirusha kile kipande nje pwaa, mvinyo unabaki safi kama machozi. Panapungua kidogo, panajaziwa mvinyo uliochanganywa na sukari kiasi, na hicho kiasi ndo kinaamua kama chupa itaitwa Brut au Demi-Sec au nini. Halafu kizibo cha gome la mti kinabanwa ndani, juu yake kinafungwa waya ambao Adolphe Jacquesson aliupatia hati miliki mwaka 1844.

Kabla sijaendelea niiweke sawa hadithi moja. Utaambiwa mtawa Dom Pérignon ndo alivumbua mapovu. Siyo kweli. Alikuwa mtunza ghala kwenye abasia, yaani nyumba ya watawa, ya Hautvillers huko Champagne kuanzia 1668 hadi alipofariki 1715, na kwa wakati wake mapovu yalikuwa kasoro, chupa zinapasuka ghalani, alijitahidi kuyazuia. Sifa yake halali ni ya kuchanganya zabibu za mashamba mbalimbali kwa ustadi. Na miaka sita kabla hajafika pale, Desemba 1662, Mwingereza Christopher Merret alishawasilisha andiko kwa Royal Society, chama cha wanasayansi cha London, akieleza wauza mvinyo wa huko wanavyotia sukari na molasi kwenye mvinyo ili uchangamke. Waingereza walikuwa na chupa ngumu zilizoyeyushwa kwa moto wa makaa ya mawe, ndo zilizoweza kuhimili. Simpunguzii mtawa heshima yake, ila ukweli una utamu wake.

Haya, hiyo ndo njia ya chupa. Kuna njia ya pili, ya tanki, na naomba usiidharau. Mtaliano Federico Martinotti aliibuni mwaka 1895, Mfaransa Eugène Charmat akaiboresha mwaka 1907. Kule kuchachuka kwa mara ya pili kunafanyika ndani ya tanki kubwa la chuma lililofungwa, wiki chache, unachujwa ukiwa na presha yake, unatiwa chupani, unauzwa. Hapa hakuna harufu ya mkate kwa sababu hakuna kulala na mashapo, ila zabibu inabaki inanukia kama zabibu, peasi, maua, tufaa bichi. Prosecco ndo mfano mkubwa, inatoka Veneto na Friuli Venezia Giulia huko Italia na zabibu yake ni Glera, isiyopungua asilimia 85. Ukiichukua Glera ukailaza miaka mitatu na mashapo unaua kile kilichokufanya uipende. Kila zabibu na njia yake. Kosa ni kununua ya tanki ukitegemea mkate, au kununua ya chupa ukitegemea juisi.

Asti, nayo ya Italia, ni habari nyingine tena, zabibu ya Moscato, inachachuka mara moja tu ndani ya tanki, na wanaisimamisha kwa baridi kabla sukari haijaisha, kwa hiyo inabaki tamu na alkoholi yake iko chini, kama asilimia 7. Na kuna ile inayochachuka mara moja lakini ikimalizikia chupani bila kusafishwa, ina ukungu kidogo, wanaiita pét-nat, hiyo kila chupa na tabia yake. Ya mwisho kabisa ni mvinyo wa kawaida uliopulizwa gesi kama soda. Utaitambua kwa sababu lebo inasema carbonated au gazéifié, na kwenye glasi mapovu yake ni makubwa, yanakurupuka kwa fujo, dakika chache yamekwisha. Hiyo mimi siishauri, afadhali ununue mvinyo mzuri usio na mapovu kwa pesa hiyo hiyo.

Sasa tugeuze chupa tusome. Anza na neno la sukari maana ndo linalokosesha watu wengi. Kutoka kavu kwenda tamu mpangilio ni huu: Brut Nature ni chini ya gramu 3 kwa lita na haikuongezwa sukari yoyote, Extra Brut mpaka 6, Brut chini ya 12, Extra Dry ni 12 hadi 17, Dry ni 17 hadi 32, Demi-Sec 32 hadi 50, na Doux inapita 50. Umeona pale, Extra Dry iko baada ya Brut. Na Dry ndo hiyo hiyo Sec ya Kifaransa, Secco ya Kiitaliano, Seco ya Kihispania na Trocken ya Kijerumani, yote yanamaanisha kavu, na yote kwenye mvinyo wa mapovu ni matamu kiasi. Sababu ni kwamba haya majina yalizaliwa karne ya 19, wakati shampeni ilikuwa tamu kupindukia, wateja wa Urusi walikuwa wanaitaka na sukari inayozidi gramu 200 kwa lita, kwa hiyo iliyokuwa na 20 kwao ilikuwa kavu kweli kweli. Madame Pommery, mwenye nyumba ya shampeni ya Pommery, alipotoa Brut yake ya mwaka 1874 ilikuwa jambo la kushangaza, leo ndo kawaida.

Ili uipate picha, chupa ni mililita 750. Ya Brut haiwezi kuwa na zaidi ya gramu 9 za sukari chupa nzima, yaani vijiko viwili vya chai na kidogo. Ya Demi-Sec ina gramu 24 hadi 37, vijiko sita mpaka tisa. Lakini usiogope namba peke yake kwa sababu uchachu unaificha sukari, Brut yenye gramu 9 haina utamu mdomoni, ina ulaini tu. Kama hujui unapenda nini anza na Brut. Ukiona inakukata ulimi, panda mpaka Extra Dry. Ukitaka ya kunywea na keki basi Demi-Sec ndo mahali pake, maana Brut pamoja na keki tamu inageuka kuwa siki.

Neno la pili la kutafuta ni la njia. Méthode Traditionnelle, Metodo Classico, Traditional Method, au sentensi inayosema ilichachuka kwenye chupa hii hii, zote zinakuambia ni njia ya chupa. Mengine yamejificha kwenye jina la eneo: Champagne, Crémant ya Ufaransa, Cava ya Hispania, Franciacorta ya Italia, Cap Classique ya Afrika Kusini, zote kisheria ni za chupa. Ukiona Prosecco mara nyingi kabisa ni tanki, na Sekt ya Ujerumani nyingi ni tanki isipokuwa imesema vingine. Kwenye za Italia angalia pia Spumante na Frizzante, ya kwanza ina presha kamili, ya pili ni mapovu mepesi yanayotekenya tu, siyo mbovu ila usije ukaichukua ukitegemea mshindo.

Neno la tatu ni muda, na hapa ndo unaweza kupata chupa kubwa kwa pesa ndogo. Cava ya kawaida imelala miezi 9, ikiandikwa Reserva ni 18, Gran Reserva ni 30. Crémant ni 9 kwenye mashapo. Cap Classique ni 12, na hao Waafrika Kusini wameanza mbali, ya kwanza yao, Kaapse Vonkel ya shamba la Simonsig, ilikuwa ya mavuno ya 1971. Franciacorta ni 18 kwa ya chini kabisa, 30 ikiwa na mwaka, na Riserva ni 60, miaka mitano hiyo. Sasa linganisha mwenyewe: Gran Reserva iliyolala miezi 30 na shampeni ya bei ya chini kabisa iliyotolewa siku ile ile sheria iliporuhusu. Mimi nitachukua Gran Reserva bila kufikiri mara mbili. Jina la Champagne lina thamani yake, nimeonja za huko ambazo sitazisahau, ila ile ya bei rahisi mno yenye neno Champagne kubwa na jina la mtengenezaji usilolikuta mahali pengine popote, unalipia neno.

Ukiwa umeamua kununua Champagne, chukua dakika moja usome herufi mbili ndogo sana kwenye lebo kabla ya namba fulani. RM ni mkulima anayetengeneza kwa zabibu zake mwenyewe, NM ni nyumba inayonunua zabibu za wengine, CM ni chama cha ushirika. Hakuna iliyo bora moja kwa moja, nyumba kubwa wana akiba ya mvinyo wa miaka mingi, mkulima ana tabia ya shamba lake, lakini RM mara nyingi inakupa mvinyo wenye sura yake kwa bei isiyokuwa na matangazo ndani. Blanc de Blancs maana yake zabibu nyeupe tupu, ni nyembamba, kali, ya limau. Blanc de Noirs ni nyeusi tupu, imeshiba zaidi. Ikiwa na mwaka ni mavuno ya mwaka huo tu, isiyo na mwaka ni mchanganyiko wa miaka tofauti, na kutokuwa na mwaka siyo kasoro hata kidogo.

Kitu ninachokipenda kuliko vyote kwenye lebo ya nyuma ni tarehe ya kutolewa mashapo, imeandikwa Dégorgement au Disgorged na mwezi na mwaka. Siyo wote wanaoiweka, wanaoiweka nawaheshimu. Inakuambia chupa imeachana na mashapo lini, na tangu siku hiyo saa inahesabu. Brut isiyo na mwaka inywe ndani ya miaka miwili mitatu tangu tarehe hiyo. Prosecco wala usiiweke, inywe mapema ikiwa changa.

Halafu angalia chupa inakaa wapi. Mwanga ni adui mkubwa wa huu mvinyo, chupa ya kioo cheupe ikisimama chini ya taa kali au dirishani inaharibika haraka, inatoa harufu ya kabichi iliyochemshwa, chupa ya kijani kibichi au kahawia inajikinga zaidi. Kwa hiyo usibebe ile iliyo mbele kabisa inayomulikwa, omba ya kwenye boksi au chukua ya nyuma. Iliyokaa karibu na joto iache. Na ukikuta vumbi limejaa kwenye chupa ya Prosecco jua haina mwendo, iache vile vile.

Ukifika nayo, ipoze vizuri, hili siyo la hiari. Friji saa tatu au nne, au ndoo yenye barafu na maji nusu kwa nusu kwa dakika 20 hadi 30, maji ndo yanayofanya baridi ifike kwenye chupa yote, barafu peke yake inagusa hapa na pale. Prosecco nyuzi 6 hadi 8, shampeni nzuri 8 hadi 10, ukizidisha baridi unaua harufu uliyoilipia. Mimi niliwahi kufungua chupa iliyokuwa imeshinda kwenye buti la gari, nilikuwa na haraka, wageni wamekaa, nikasema ngoja nifungue tu itapoa kwenye glasi. Nilivyolegeza waya tu kizibo kikatoka chenyewe kikagonga dari, povu likafuata, zaidi ya nusu ya chupa ikamwagika sakafuni, na pembeni yangu alikuwa amesimama mtoto. Hakuumia, lakini kile kizibo kingemkuta jichoni. Tangu siku hiyo chupa ya moto sifungui hata nibembelezwe vipi.

Kufungua ni hivi. Ondoa karatasi, weka dole gumba juu ya kizibo na usilitoe tena, legeza waya, mizunguko nusu sita. Inamisha chupa nyuzi 45, isimwelekee mtu. Shika kizibo kwa nguvu pamoja na waya wake, mkono wa pili uzungushe chupa, chupa ndo inazunguka, kizibo kimetulia. Utakisikia kinaanza kusukuma chenyewe, hapo badala ya kukivuta wewe kizuie, kiachie polepole, kitoke na pumzi tu, fsss. Ukisikia mlio mkubwa gesi imekimbia na mvinyo umeifuata.

Kizibo usikitupe, kiangalie. Kilivyoingia kilikuwa mche duara mnene wa milimita 31 hivi, kikabanwa. Kikitoka kimetanuka chini kama sketi ina maana hakijakaa sana. Kikitoka miguu imenyooka na kusinyaa kama kigingi, kimekaa miaka, na ukiona hivyo kwenye chupa uliyoambiwa ni mpya una sababu ya kuuliza. Kikinuka boksi la karatasi lililoloa, au mvinyo wenyewe ukanuka hivyo, ni ugonjwa wa kizibo, siyo wewe hujui kuonja, rudisha.

Glasi, tafuta yenye tumbo kidogo na mdomo unaokaza juu, umbo la ua la tulipu, ile bapa pana mapovu yanakimbia na ile nyembamba kama bomba pua haiingii. Ioshe isiwe na sabuni hata tone, sabuni inaua povu papo hapo. Na usishangae ukiona glasi moja inachemka na nyingine imetulia ilhali mvinyo ni mmoja, kiputo kinazaliwa kwenye kijinyuzi kidogo sana cha kitambaa au vumbi kilichonata kwenye kioo, glasi laini isiyo na chochote haitoi karibu kiputo hata kimoja. Mimina kidogo kwanza, subiri povu lishuke, kisha ujaze mpaka theluthi mbili.

Ikibaki, achana na habari ya kuning'iniza kijiko shingoni, imepimwa na haisaidii chochote. Kinachosaidia ni kizuizi chenye mbavu za chuma zinazobana shingo, na friji. Gesi inakaa zaidi kwenye kinywaji baridi kuliko cha moto, kwa hiyo kiweke mara tu mnapomaliza kumimina, usisubiri wageni waondoke. Prosecco imalize kesho yake, ya njia ya chupa inaweza kufika siku ya tatu, na ile iliyolala sana na mashapo siku ya pili wakati mwingine harufu yake inakuwa imefunguka kuliko ya jana.